Talaka Ras Mkumbi: Kwa Nini Wakili Aonwe Mapema

Kijiji cha Bweni, penye mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, kiko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, karibu kilomita 50 kutoka Kilindoni, makao makuu ya wilaya na makazi ya Mahakama ya Wilaya. Umbali huo una uzito kwa mtu ambaye ndoa yake imeharibika, kwa kuwa shauri la talaka huanzia katika kata na kumalizikia mahakamani, na kosa linalofanyika kule mwanzoni mara nyingi hugunduliwa wakati ambapo mhusika amekwisha kutumia nauli, muda na subira yake yote.

Jambo la kwanza ambalo mshauri wa sheria humweleza mtu wa Mafia ni kwamba, ingawa kisiwa chake kina udugu wa damu, wa dini na wa biashara na Unguja, kisheria kimo Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi ambazo ni sehemu ya mfumo wa mahakama za serikali. Bara, talaka ya Mwislamu, ya Mkristo na ya mwenye ndoa ya kimila husimamiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na ni mahakama pekee yenye uwezo wa kutoa amri ya talaka, yaani uamuzi unaoivunja ndoa mbele ya dola. Mume akitamka talaka au akiiandika kwenye karatasi, mke anaweza kukaa eda na jamaa wa pande zote mbili wakaona kwamba ndoa imekwisha, lakini mpaka mahakama iamue, mke huyo hajapata amri yoyote juu ya mgawanyo wa mali, matunzo au malezi ya watoto. Sheria haiidharau talaka hiyo ya kidini: kifungu cha 107 kinaeleza kwamba, pale Baraza linapokuwa limethibitisha kushindwa kuwapatanisha wanandoa wa Kiislamu na baadaye mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatambua kuwa ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka.

Baraza linalotajwa hapo ni Baraza la Usuluhishi la Ndoa, chombo cha kuwapatanisha wanandoa kabla hawajafika mahakamani, ambacho sheria inataka kiwepo katika kila kata. Jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yao yaliyotambuliwa. Kwa wakazi wa Bweni kata ni Kanga. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kwa mfano mwenza aliyetoroka na hajulikani alipo, au aliyeitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika, hakuna maombi ya talaka yanayopokelewa bila hati ya Baraza inayosema kwamba usuluhishi umeshindikana. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, kwani sheria hairuhusu wakili kumwakilisha mtu mbele ya Baraza, ilhali Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa mashauri ya talaka kwa sababu ya hati isiyokuwepo au yenye kasoro. Mtu huenda peke yake katika hatua ambayo kesi yote huitegemea, na hiyo ndiyo sababu ushauri unapaswa kutafutwa kabla ya kwenda barazani, hata kama ni mazungumzo ya saa moja tu ya kujua nini kisemwe na hati iandikweje.

Upande wa mali ndio ambao watu wa kaskazini mwa Mafia wangepaswa kuufikiria kwa undani zaidi. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake katika eneo hilo mwaka 1965, alionyesha kwamba wanawake wa huko humiliki mali yao wenyewe, ikiwemo minazi, na kwamba mnazi huwa na mwenyewe anayejulikana. Sheria ya Ndoa inakubaliana na desturi hiyo, kwa kuwa ndoa pekee haibadili umiliki wa kitu ambacho mtu alikuwa nacho. Kinachogawanywa ni mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, na mahakama hutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango halali katika mali ya ndoa, ingawa mke huyo mwenyewe hakupata mgawo kwa sababu ilionekana ametumia vibaya fedha za familia alizokabidhiwa. Uamuzi huo ni nguzo, lakini haumwondolei mtu wajibu wa kuthibitisha. Mke aliyepalilia shamba la minazi, aliyeuza mwani ili bati linunuliwe, au aliyepika na kulea wakati mume yuko baharini, atatakiwa kulieleza jambo hilo kwa ushahidi, na wakili mzuri huanza kuwauliza majirani na mashahidi wa upandaji kabla kumbukumbu hazijafifia. Nyumba ya ndoa nayo haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na zuio linaweza kuombwa mapema.

Si lazima mshauri awe wakili wa kulipwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopewa mafunzo ya kuelimisha na kuelekeza wananchi bila malipo, ambao hata hivyo hawasimami mahakamani kama mawakili. Wanaowasajili hupatikana kupitia halmashauri ya wilaya. Shauri linaweza pia kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako taratibu ni nyepesi, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 wakili anaruhusiwa kusimama huko pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Lugha ya mahakama sasa ni Kiswahili, hivyo mlalamikaji ana haki ya kuelewa kila neno linaloandikwa kwa jina lake, na akidai asomewe upya hamkosei mtu adabu.

Aliyekwisha kupata hati ya Baraza asikae nayo sandukuni, kwa sababu maombi ya talaka hayapokelewi ikiwa hati hiyo ilitolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kufunguliwa kwake.