Mama Mwenye Mawazo na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Kibara ni mji mdogo wa Wilaya ya Bunda, kando ya Ghuba ya Speke, katika njia ya kwenda kivuko cha Kisorya. Pato la nyumba nyingi huko linafuata mwezi: usiku wa giza dagaa huvuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiangaza kambi hupumzika. Mjamzito ambaye mume yuko kambini na pesa haijaja, au mume yupo nyumbani na anampiga, majirani husema ana mawazo. Hali hiyo ikidumu wiki mbili na zaidi, usingizi ukakatika, chakula kikawa hakipiti na raha ya maisha ikatoweka, daktari huiita sonona.

Wenye hali hiyo ni wengi. Mwaka 2013 watafiti waliwahoji wajawazito 397 katika kliniki tatu za Mwanza, ng'ambo ya ghuba hiyohiyo, wakakuta theluthi moja wana dalili za sonona. Zilifuatana na hofu juu ya ujauzito wenyewe, uhusiano mbaya na mwenzi, na umaskini.

Mawazo ya mama yanamfikiaje mtoto? Mtu akiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijavuka, lakini msongo wa muda mrefu unaweza kukidhoofisha. Mtoto anaihitaji kotisoli kiasi, kwani ndiyo hukomaza mapafu yake. Ikizidi, wanasayansi wanaamini hugusa sehemu za ubongo zinazosimamia woga na kumbukumbu.

Ushahidi ninaouona wa thamani kuliko mwingine umetoka mbali, Quebec nchini Kanada, ambako Januari 1998 dhoruba ya barafu ilikata umeme, kwa baadhi ya familia kwa wiki nyingi. Dhoruba haichagui mama mwenye wasiwasi wa kuzaliwa nao, kwa hiyo hapa uwezekano wa kurithi unapungua sana. Watoto wa mama waliopata dhiki kubwa zaidi wakiwa wajawazito walipata, kwa wastani, alama za chini katika lugha na uelewa. Uingereza nako, utafiti uliofuata maelfu ya familia za Bristol tangu miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wasiwasi mkubwa wa mama mwishoni mwa mimba ulikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa mtoto wa miaka 4 kuwa na matatizo ya tabia na hisia. Hata hivyo wengi wa watoto hao walikua vizuri, na mama yeyote anayesoma hapa ana haki ya kulijua hilo.

Sasa dawa za sonona. Fluoksetini na setralini huongeza nguvu ya serotonini, kemikali ya ubongo, na zote huvuka kondo. Serotonini, muda mrefu kabla ya kushughulika na furaha na huzuni, husaidia chembe za ubongo kujipanga mahali pake. Ndiyo maana habari ya mwaka 2004 ilitisha: panya wachanga waliopewa fluoksetini huko New York walikua waoga. Lakini mtoto wa binadamu si panya. Mwaka 2017 tafiti mbili kubwa, za Ontario na Uswidi, zililinganisha hata ndugu wa tumbo moja, mmoja aliyefikiwa na dawa tumboni na mwingine asiyefikiwa, na tofauti ya usonji iliyoonekana mwanzoni haikuonekana tena. Yaliyobaki ni haya: uwezekano wa kuzaliwa njiti uliongezeka kidogo, na takriban vichanga 3 kati ya 10 ambao mama zao walitumia dawa hadi mwisho hutetemeka, hulia sana au huhema haraka kwa siku chache.

Kosa kubwa ni kulinganisha dawa na afya njema, wakati mama aliye mbele yetu hana afya njema. Mjamzito wa kanda ya ziwa humeza SP ya kuzuia malaria kliniki kwa sababu kila mtu anajua ugonjwa huo ndani ya kondo hufanya nini. Sonona nayo ipimwe kwa mizani hiyohiyo. Aliyekwisha kuanza dawa asiiache ghafla kwa kuogopa maneno ya watu. Amwone daktari kwanza.

Na tiba si vidonge tu. Vijijini Pakistani, wahudumu wa afya wa kawaida walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza na wajawazito wenye sonona. Miezi 6 baada ya kujifungua, asilimia 23 ya mama hao walikuwa bado wagonjwa, dhidi ya asilimia 53 ya waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Kuanza kunahitaji vitu vichache. Dodoso la Edinburgh la kutambua sonona, lililotungwa mwaka 1987, lina maswali 10, na nesi anaweza kuyauliza akishapima uzito na presha, mama mkwe akiwa amebaki nje. Swali la 10 linahusu wazo la kujidhuru. Anayejibu ndiyo haambiwi asubiri kliniki ya mwezi ujao. Anaonwa na daktari siku hiyohiyo, na harudi nyumbani peke yake.