Kutoka ruhusa ya mwanafunzi hadi viza ya kazi Marekani: Hesabu inayoanzia Meru na Embu

KATIKA masoko ya Nkubu, Maua, Manyatta na Runyenjes, kadi ya mchango wa karo ya ng'ambo si kitu kigeni. Mzazi huuza ng'ombe wa maziwa, hukopa akitarajia bonasi ya majani chai au hutoa kipande cha shamba la miraa, kisha jamaa, majirani na waumini wa kanisa hualikwa kuongeza kilichopungua. Mbuzi hunadiwa, maombi hufanywa na kijana husindikizwa hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Wanaochanga huwa na hesabu moja vichwani: atasoma miaka miwili, atapata shahada, ataajiriwa huko huko na kuanza kuwalipia wadogo wake karo. Sehemu mbili za kwanza hutimia mara nyingi. Ya tatu ndiyo huzua kilio, kwa kuwa sheria za Marekani hazimpi mhitimu wa kigeni haki ya kuajiriwa eti kwa sababu amesomea nchini humo. Kati ya viza ya mwanafunzi na ile ya mtaalamu pana daraja jembamba, na urefu wa muda wa kulivuka hutegemea sana kozi iliyochaguliwa kijana angali nyumbani.

Mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya F-1 anaruhusiwa, baada ya kuhitimu, kufanya kazi inayohusiana na alichosomea kwa miezi 12. Ruhusa hiyo, inayojulikana kwa herufi OPT, si viza mpya bali ni mwendelezo wa uanafunzi wake. Ombi huwasilishwa kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, baada ya afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kulipendekeza. Dirisha hufunguliwa siku 90 kabla ya masomo kukamilika na kufungwa siku 60 baadaye. Anayengoja kwanza apate mwajiri ndipo aombe, huenda akakuta dirisha limefungwa. Aidha, muda wa ruhusa ukishaanza, siku za kukaa bila kazi huhesabiwa, na hazipaswi kuzidi 90 kwa jumla.

Kuna pia ruhusa ya kufanya kazi wakati wa masomo, CPT. Wengi huifurahia kwa kuwa huleta dola mapema, lakini aliyeitumia kwa miezi 12 ya kazi ya kutwa hupoteza OPT katika kiwango hicho cha shahada. Ni bei kubwa kulipa kwa mshahara wa mwaka mmoja.

Ni hapa ambapo kozi huanza kutenganisha watu. Tangu 2016, waliosomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24 juu ya ile 12, mradi mwajiri wao amejisajili katika mfumo wa serikali wa kuthibitisha wafanyakazi, E-Verify, na kutia saini mpango wa mafunzo ya mhitimu huyo. Jumla huwa miaka mitatu. Aliyesomea uongozi wa biashara wa kawaida, elimu au masuala ya jamii hubaki na mwaka mmoja.

Tuseme vijana wawili, mmoja kutoka Igoji na mwingine kutoka Runyenjes, wanahitimu shahada ya uzamili mwezi Mei mwaka mmoja. Wa kwanza amesomea biashara, wa pili kompyuta. Viza ya kazi ya utaalamu, H-1B, huombewa usajili mara moja tu kwa mwaka, mwezi Machi. Ruhusa ya kijana wa Igoji itakutana na Machi moja kabla ya kuisha. Ya mwenzake itakutana na Machi tatu. Wote wawili wana bidii, wote wana alama nzuri, lakini mmoja ana nafasi moja ya kujaribu na mwingine tatu.

Jambo hilo linaweza kujulikana kabla ya karo kulipwa. Fomu ya I-20, ambayo chuo hutuma kwa mwanafunzi ili akaombe viza katika ubalozi ulioko Gigiri, huwa na namba ya kozi. Namba hiyo hulinganishwa na orodha ya serikali ya Marekani ya kozi zinazostahili nyongeza ya miezi 24. Jina la kozi pekee halitoshi, kwani kozi mbili zenye majina yanayokaribiana, kama uchumi na uchumi wa takwimu, zinaweza kuwa na namba tofauti na hatima tofauti. Kamati ya mchango inayokagua risiti za tiketi ya ndege ingefaa kuikagua na fomu hii.

Viza ya H-1B ilianzishwa kwa sheria ya uhamiaji ya 1990. Kila mwaka hutolewa nafasi mpya 65,000, na nyingine 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani. Nafasi hizo 20,000 zina sharti ambalo mawakala wa vyuo hawalitaji: chuo lazima kiwe cha umma au kisicho cha faida, na kiwe kimeidhinishwa. Shahada ya uzamili kutoka chuo cha kibiashara haimwingizi mhitimu katika kundi hilo, hata kama karo yake ilikuwa kubwa zaidi.

Mwombaji wa H-1B si mfanyakazi bali ni mwajiri. Ndiye humsajili mtu wake mwezi Machi, kwa ada ya dola 215 tangu 2025, na jina likichaguliwa ndiye huwasilisha ombi kamili kuanzia Aprili. Kazi huanza Oktoba 1. Kwa usajili wa Machi 2025, walioandikishwa kihalali walikuwa 343,981 na waliochaguliwa 120,141, yaani takriban mmoja kati ya watatu. Ruhusa ya OPT ikiisha kati ya Aprili na Oktoba huku ombi likiwa mezani, kanuni humruhusu mhitimu kuendelea na kazi. Tangu Januari 2025 kinga hiyo inaweza kufika hadi Aprili 1 ya mwaka unaofuata.

Hadi usajili wa 2025, uteuzi ulikuwa bahati nasibu isiyojali mshahara. Kanuni mpya iliyochapishwa Desemba 2025, na kuwekewa Februari 27, 2026 kuwa siku ya kuanza kutumika, ilibadilisha hali hiyo. Jina la mtu aliyeahidiwa mshahara wa ngazi ya juu kabisa katika kazi na eneo lake huingizwa mara nne, na la ngazi ya chini mara moja tu. Mhitimu mpya kwa kawaida huanzia ngazi ya chini. Kwa hiyo ile hesabu ya mmoja kati ya watatu haiwezi kutegemewa tena na kijana anayeanza kazi, na Machi tatu za yule wa kompyuta zimekuwa na thamani zaidi, kwani huenda mshahara wake ukapanda ngazi kabla ya Machi ya mwisho.

Halafu kuna zile dola 100,000, ambazo ni takriban Sh12.9 milioni kwa kiwango cha ubadilishaji cha 2025. Tangazo la Rais Donald Trump la Septemba 19, 2025 liliweka malipo hayo kwa maombi mapya ya H-1B, kwa muda wa miezi 12. Hofu ilienea hadi USCIS ilipofafanua Oktoba 2025 kwamba malipo hayamhusu mwanafunzi aliyeko ndani ya Marekani anayebadilishiwa hadhi kutoka F-1 hadi H-1B. Ila ufafanuzi huo ulikuwa na kisiki: akitoka nje ya Marekani kabla ombi lake halijaamuliwa, kinga hiyo hupotea.

Kisiki hicho kinagusa moja kwa moja boma la Meru au Embu. Hata kabla ya tangazo hilo, aliyeondoka Marekani ombi lake la kubadili hadhi likiwa halijaamuliwa alihesabiwa kuwa ameliacha, na alilazimika kusubiri viza akiwa ng'ambo. Kwa mila za eneo hili, mwana asiyekuja kumzika mzazi wake huulizwa maswali kwa miaka. Wanaomlaumu kwamba dola zimemlevya huenda hawajui kuwa safari ya wiki moja ya mazishi ingeweza kuifuta kazi ambayo ndiyo inayolipa mkopo wa karo yake.

Njia moja isiyo na msongamano ni ya waajiri wasiofungwa na idadi ile ya 85,000: vyuo vikuu, mashirika yasiyo ya faida yanayoshirikiana navyo, na taasisi za utafiti za serikali au zisizo za faida. Hao wanaweza kuwasilisha ombi la H-1B wakati wowote wa mwaka bila uteuzi wa Machi. Kwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Embu au cha Sayansi na Teknolojia cha Meru aliyekwenda kusomea utafiti wa kilimo au afya, maabara ya chuo yenye mshahara wa wastani inaweza kuwa salama kuliko kampuni kubwa.

Wauguzi wako kando. Eneo hili limekuwa likiwafunza kwa miongo mingi, Nkubu na Chogoria, katika kaunti jirani ya Tharaka-Nithi, zikiwa miongoni mwa shule zinazojulikana zaidi. Kazi ya kawaida ya uuguzi aghalabu haistahili H-1B, kwani hiyo hutaka kazi ambayo shahada ya kwanza ndiyo sharti la kuingia, na muuguzi wa Marekani anaweza kusajiliwa bila shahada. Wala uuguzi hauna ile nyongeza ya miezi 24. Njia yao iliyozoeleka ni mtihani wa NCLEX na hospitali kuwaombea ukazi wa kudumu, foleni ambayo inaweza kuchukua miaka lakini haimtaki mtu alipe karo ya chuo cha Marekani kwanza.

Uingereza, ambako wauguzi wengi huelekeza macho, haina uteuzi wa Machi. Mhitimu wa shahada ya kwanza au uzamili hupewa miaka miwili ya kutafuta na kufanya kazi yoyote, muda utakaopunguzwa hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027. Kizingiti cha huko ni mshahara. Tangu Julai 22, 2025, viza ya mfanyakazi stadi hutaka kwa kawaida pauni 41,700 kwa mwaka, au 33,400 kwa anayeanza kazi, na mwajiri awe na leseni ya udhamini. Siku hiyo hiyo mlango wa kuajiri walezi wa wazee kutoka ng'ambo ulifungwa. Muda wa viza hiyo ya wahitimu hauhesabiwi katika miaka ya kuombea ukazi wa kudumu chini ya viza ya mfanyakazi stadi, hivyo anayeitumia yote kabla ya kuhama huanza hesabu yake kutoka sifuri.