Istilahi na Uteuzi wa Vifaa: Viungio vya Mabomba Vilivyofuliwa kwa Chuma Kisichoshika Kutu, kwa Kuzingatia Buterere, Bujumbura

1. Utangulizi

Makala haya yanafafanua sifa na matumizi ya viungio vya mabomba vilivyofuliwa kwa chuma ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiita stenlesi, na waliozoea Kifaransa hukiita inoksi. Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, kuna mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji lililo kando ya Ziwa Tanganyika. Mahali kama hapo, kosa la istilahi katika hati ya zabuni huzaa hasara ya fedha na hatari kwa afya ya umma.

2. Sifa

Chuma hiki huwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, ambayo huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba unaojirudishia ukikwaruzwa. Daraja la 304 lina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Daraja la 316 huongezewa molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, hivyo hustahimili kloridi zaidi. Basi jina "kisichoshika kutu" lisichukuliwe kijuujuu, kwani kloridi nyingi, au tope linalozuia oksijeni, huweza kukitoboa.

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofaa hapa. Kusubu ni kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu. Kufua ni kukigandamiza kikiwa cha moto bila kukiyeyusha. Kiungio kilichofuliwa huepukana na vishimo vya hewa vinavyoweza kubaki katika kilichosubiwa, hivyo huhimili vyema shinikizo na mtikisiko. Kiwango cha ASME B16.11 hutambua makundi ya 2000, 3000 na 6000 kwa viungio vya hesi, na 3000, 6000 na 9000 kwa vile ambavyo bomba huchomekwa ndani kisha kulehemiwa. Namba hizo ni majina ya makundi. Shinikizo halisi linaloruhusiwa hutegemea unene wa bomba linalolingana na kiungio, aina ya chuma, na joto.

3. Matumizi

Viungio hivi ni vya mabomba madogo, yasiyozidi inchi 4, yanayopitisha mvuke, kemikali, mafuta au gesi kwa shinikizo kubwa. Mabwawa ya majitaka hutegemea zaidi mteremko, jua na bakteria; kudai kundi la 3000 katika njia ya shinikizo dogo ni kutumia fedha pasipo haja. Hata hivyo, majitaka hutoa sulfidi ya hidrojeni, ambayo bakteria huigeuza kuwa asidi ya sulfuriki inayokula zege na chuma cha kawaida. Katika sehemu hizo chuma cha 316 kinaweza kufaa, japo si lazima kiwe kimefuliwa.

4. Hitimisho

Neno "stenlesi" pekee halimwelezi mnunuzi lolote kati ya hayo. Tunapendekeza kila hati itaje mambo manne: daraja la chuma, namna kilivyoundwa (kufuliwa au kusubiwa), namna ya kuungwa (hesi au kulehemu), na kundi la shinikizo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa kusanifisha istilahi hizi pamoja na wahandisi na mafundi, ili urasmi wa lugha ufike hadi kwenye ghala la vifaa.