Baraza la Mtandao Si Wakfu

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi barazani pamoja na wazee wenzangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, tukinywa kahawa chungu kwa kashata. Mara akaja mpwa wangu na simu mkononi, uso umemkunjamana kama mtu aliyedhulumiwa mirathi.

"Mjomba," akasema, "hebu tazama walivyotufanya. Nimelala ukurasa uko vile, nimeamka uko hivi. Vitufe vimehamishwa, rangi zimegeuzwa, habari za marafiki zangu sizioni, naona matangazo matupu. Na hawakutuuliza!"

Mzee mmoja aliyekuwa akivuta uradi aliinua kichwa, akamtazama. "Mwanangu," akamwuliza, "kwani wewe hapo walipa kodi pesa ngapi?"

"Halipwi kitu, babu. Ni bure."

"Basi," akasema mzee, na vidole vikarejea kwenye tasbihi, "asiyelipa kodi hagombi nyumba ikipakwa chokaa."

Tulicheka sote, isipokuwa mpwa wangu. Lakini nilipojinyoosha kitandani, neno lile lilininyima usingizi. Je, ni kweli kwamba kijana yule hana haki ya kulalamika? Na kama hana, mbona kila mara kurasa hizi zinapogeuzwa sura watu hupiga kelele kwa malaki na malaki, tena si watoto peke yao, bali watu wazima wenye akili zao?

Msomaji mpenzi, ugomvi huu si wa Mombasa. Ulianza huko huko Marekani kulikotengenezwa mitandao hii, na wa kwanza kuteta walikuwa ni wale waliokuwa karibu mno na mambo ya kompyuta. Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Digg.

Mtandao huo ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2004 na Kevin Rose pamoja na wenzake. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Mtu akiona habari nzuri mahali, aghalabu habari za kompyuta na za makampuni yanayoziunda, huileta pale. Wenziwe huipigia kura. Iliyopata kura nyingi hupanda ukurasa wa mbele, na isiyopendeza huzikwa kwa kitufe chake maalumu. Wahariri walikuwa ni wasomaji wenyewe, nao hawakulipwa hata senti moja.

Tarehe 25 Agosti 2010 wenye Digg waliondoa sura ya zamani wakaweka mpya, waliyoiita toleo la nne. Kitufe cha kuzikia habari kikatolewa. Wachapishaji wakubwa wakapewa njia ya kuziingiza habari zao wenyewe, pasi na kungoja msomaji aziokote. Juu ya hayo mitambo ikawa inazimika kila mara. Wakaaji wakaghadhibika. Siku chache baadaye waliujaza ukurasa wa mbele wa Digg habari zilizotoka Reddit, mtandao mshindani uliofunguliwa mwaka 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian. Ilikuwa kama wateja kuketi ndani ya mkahawa mmoja huku wakiagiza chai kutoka mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Kisha wakainuka, wakahama.

Wenyewe walipoona meza zi tupu walirudisha baadhi ya mambo ya zamani, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Julai 2012 Digg iliuzwa kwa kampuni ya Betaworks. Magazeti ya biashara yaliandika kwamba jina na mtandao wenyewe ulitoka kwa dola 500,000 hivi, ilhali wenye mitaji walikuwa wametia humo zaidi ya dola milioni 40.

Hapo mtu atasema: ala! kumbe wakaaji ndio wenye nguvu. Asifanye haraka.

Tarehe 5 Septemba 2006, miaka minne kabla ya kisa hicho, Facebook ilikuwa ingali ya wanafunzi zaidi. Siku hiyo ikaanzisha mkondo wa habari. Zamani, ukitaka kujua ya rafiki yako, ulikwenda kwenye ukurasa wake, kama mtu apigaye hodi. Sasa yale yale yakawa yanamwagwa mbele ya macho ya kila mmoja: fulani kaongeza picha, fulani kaachana na mchumba. Wanafunzi waliona wamevuliwa sitara. Mamia ya maelfu yao wakajiunga katika kikundi cha kupinga, ndani ya Facebook yenyewe. Mark Zuckerberg aliomba radhi siku chache baadaye, akawapa watu njia za kuficha mambo yao, lakini mkondo hakuuondoa. Na ajabu ya mambo ni hii: mkondo ule ule uliochukiwa ndio uliozieneza haraka habari za upinzani. Leo ndio uti wa mgongo wa Facebook, na mitandao mingine imeuiga.

Tena kuna kisa cha hao waliohamia Reddit. Aprili 2023 Reddit ilitangaza kwamba programu zilizoundwa na watu wa nje, ambazo wengi walizitumia kuusoma mtandao huo, zitatozwa fedha. Mwenye programu moja iliyopendwa sana, Apollo, ambaye ni Christian Selig, alipiga hesabu akaona ingemgharimu kiasi cha dola milioni 20 kwa mwaka. Tarehe 12 Juni 2023 mabaraza zaidi ya 8,000 ya Reddit yalifunga milango kwa mgomo. Waliofunga walikuwa ni wasimamizi wa kujitolea, wale wafagiao na kuamua ugomvi bila ya ujira. Miongoni mwa waliolia sana walikuwa vipofu, kwani programu hizo za nje ndizo zilizowasaidia kusomewa yaliyoandikwa. Reddit ililegeza kamba kwa programu zisizo za biashara zinazowafaa watu wenye ulemavu, lakini kwa wengine bei ilibaki pale pale. Apollo ikafungwa tarehe 30 Juni. Machi 2024 Reddit ikaingiza hisa zake katika soko la New York. Mkuu wake alikuwa ni yule yule Steve Huffman. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Kwa nini basi Digg ilianguka, na Facebook na Reddit zikasimama? Mimi naona sababu si wingi wa kelele. Waliokaa Digg walikuwa na baraza jirani, liko wazi, linafanana na lao, na kila mmoja aliweza kwenda peke yake bila ya kupoteza kitu kikubwa. Mwanafunzi wa Facebook angekwenda wapi, na marafiki zake wote wako pale? Na wa Reddit, mwaka 2023, hakuona baraza jingine lenye ukubwa ule. Nguvu ya mkaaji imo miguuni, si mdomoni.

Sisi wenyewe tumeyaona haya. Januari 2021 WhatsApp ilitangaza masharti mapya, na dunia ikataharuki kwa kuhofia siri zake. Mamilioni wakakimbilia Signal na Telegram, hata kampuni ikaiahirisha siku ya kukubali masharti kutoka 8 Februari hadi 15 Mei. Hapa kwetu pia ulizuka mjadala, na kila mtu akamwambia mwenziwe "tuhame." Lakini tangazo la maziko liko WhatsApp, mchango wa harusi uko WhatsApp, darsa la msikiti liko WhatsApp, na shangazi aliye Muscat hajui kutumia kingine. Nani atauhamisha ukoo mzima? Tukabaki.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na suali lake la kodi. Kwa idhini yake nataka kumjibu.

Sisi watu wa mwambao tunaijua vyema tofauti ya milki na wakfu. Msikiti, kisima, makaburi, shamba lililotolewa kwa ajili ya Mungu: hivyo haviuzwi, havirithiwi, wala havitolewi zawadi. Vina msimamizi, naye ni mtumishi tu. Kosa la wakaaji wa mitandao ni kwamba wanaishi humo kama walio katika wakfu. Wanaleta mikeka, wanawasha taa, wanapatanisha waliogombana, wanamwaga elimu zao bure. Lakini hati ya nyumba ina jina la mtu, na mtu huyo ana wenye hisa wanaongoja faida.

Na mkataba upo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu inahusu kuandikiana deni, kwa mwandishi na mashahidi. Sisi tuliofunzwa hayo chuoni tukiwa wadogo, leo tunabonyeza "nakubali" bila ya kusoma hata mstari mmoja.

Hata hivyo, mzee hakusema kweli yote. Mpwa wangu hulipa kodi. Halipi shilingi, lakini hulipa kwa maneno yake, kwa picha zake, na kwa macho yake yanayotazama matangazo. Toa watu ndani ya mtandao, ubaki na nini? Utabaki na kuta. Walionunua Digg mwaka 2012 walizipima kuta hizo, wakajua thamani yake. Kwa hivyo kijana ana haki ya kuulizwa. Asichokuwa nacho ni haki ya kuamua.

Nao wako wanaouliza. Wikipedia huendeshwa na taasisi isiyo ya faida, na yaliyoandikwa humo yana ruhusa ya kunakiliwa na yeyote. Kwa hiyo yakaribia kuwa wakfu, nayo ina makala kwa Kiswahili pia. Wikipedia ya Kiingereza ilipogeuza sura yake tarehe 18 Januari 2023, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, ilikuwa baada ya majaribio ya miaka na mabishano marefu ya wazi baina ya wenye kuiandika. Hata hapo wengi hawakupendezwa. Lakini mwenye kujiandikisha aliachiwa njia ya kurudia sura ya zamani. Hiyo ndiyo shura: si lazima kila mtu aridhike, lakini kila mtu asikizwe.

Msomaji ataniuliza, haya yote yanamhusu nini mtunga mashairi? Yananihusu sana.

Tulikuwa na mwenzetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, fundi wa kujibizana kwa beti. Miaka ya mwisho wa umri wake aliacha kalamu, akawa anatunga moja kwa moja kwenye simu, katika ukurasa wa washairi mahali fulani mtandaoni. Tulimsoma, tukamjibu, tukacheka. Alipofariki, baada ya hitima wanawe wakatuomba tuzikusanye tungo za baba yao. Tukaenda kuzitafuta. Ukurasa ulikuwa umekwisha fungwa katika mageuzi ya kampuni, na hapakuwa na wa kumwuliza. Mashairi ya miaka sita! Tulizipata tungo tisa tu, zile ambazo mtu mmoja katika sisi alikuwa na tabia ya kuzinakili daftarini.

Wala si sisi tu. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba, katika kuhamisha mitambo yake, ilipoteza nyimbo na picha zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016, na nyimbo hizo zilikadiriwa kufika milioni 50. Wanamuziki wangapi walidhani pale ndipo ghala?

Hapo hukumbuka jambo moja. Muyaka bin Haji alikufa Mombasa mnamo mwaka 1840. Tungo zake zilikuwa vinywani mwa watu, na vinywa navyo hufa. Baadaye akatokea Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa Mombasa, akazikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akazieleza kwa mmisionari W. E. Taylor. Ndipo mwaka 1940 ikachapishwa diwani iliyosimamiwa na William Hichens, karne nzima baada ya kifo cha mwenyewe. Lau si Mwalimu Sikujua, leo tungelitaja jina la Muyaka bila ya kuwa na mashairi yake.

Simwambii mtu aiache mitandao. Mimi mwenyewe nimo, na malenga wa Lamu hunijibu kabla kahawa yangu haijapoa. Lakini wahenga walituonya: usiwache mbachao kwa msala upitao. Na wakasema tena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kuketi katika baraza la mtu hakuna ubaya, maadamu unalijua kuwa ni la mtu, na yaliyo yako umeyaweka kwako.

Asubuhi nilimwita mpwa wangu, nikampa daftari lenye jalada gumu, na beti moja kwenye ukurasa wa kwanza:

Barazani umeketi, si kwako ni kwa mwenziyo,
Huna hisa huna hati, ni yako uyasemayo,
Yaandike kwa wakati, usiwate utungayo,
Kesho likifungwa geti, hayarudi yapoteyo.

Aliisoma, akatabasamu. Kisha akatoa simu, akaipiga picha ile beti, akawatumia marafiki zake. Nilimwacha. Daftari alilichukua.