Jangwani: bustani itakayokubali kulowa

Leo tunakuletea mada ambayo pengine hukutegemea kuikuta katika gazeti la afya. Ni bustani. Si ile ya mchicha nyuma ya bweni, bali bustani kubwa ya mji inayopangwa kando ya Mto Msimbazi, eneo la Jangwani, Dar es Salaam.

Najua utauliza: "Sasa bustani na kipindupindu wapi na wapi? Na mimi nasoma Songea, ya Dar yananihusu nini?" Tulia kwanza. Yanakuhusu mara mbili. Mji wako nao una mto, korongo au bonde ambalo maji hupita, na watu wamejenga humo. Isitoshe, sehemu kubwa ya fedha za mradi huu ni mkopo wa taifa. Ukimaliza shule, ukapata kazi na kuanza kulipa kodi, nawe utakuwa miongoni mwa wanaoulipa. Basi ni vizuri ujue unanunua nini.

MTO WENYEWE NI UPI?

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Unashuka katikati ya mji, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Hata kama hujawahi kufika Dar, jina la Jangwani umelisikia. Mikutano mikubwa ya siasa imefanyika pale, na Yanga wanaitwa Watoto wa Jangwani kwa sababu hapo ndipo nyumbani kwao.

Kwa nini Jangwani hufurika? Kwa sababu ni bonde la mto, na mto ukijaa hutanuka. Hiyo si hasira ya maji, ndiyo tabia yake. Zamani maji yalikuwa na pa kutanukia. Baadaye mji ukakua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Huko juu miti imekatwa, na mvua inabeba udongo na mchanga hadi chini. Mitaani kuna paa, lami na saruji, kwa hiyo maji hayazami ardhini, yanakimbilia mtoni. Na mtoni yanakuta nini? Mchanga uliojaa, chupa za plastiki, na kuta za nyumba.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha na zaidi ya watu 40 wakafariki. Aprili 2018 maji yalirudi tena. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mafuriko hayo yalizitia kaya za Dar hasara ya zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa pale pale Jangwani, imewahi kufunikwa na maji si mara moja.

MAJI YAKIINGIA NDANI, MWILI UNAPATA NINI?

Watu wengi wakisikia mafuriko wanafikiria kuzama tu. Lakini maji yakishapungua, shughuli ya pili ndiyo inaanza. Hebu tuitazame.

Kipindupindu na homa ya matumbo. Maji ya mafuriko hupitia kwenye mashimo ya vyoo na kutoka na uchafu wake. Kuna na wale wanaosubiri mvua ili watapishe vyoo vyao mitaroni. Unaijua tabia hiyo, usijifanye huijui! Uchafu huo unaingia visimani na kwenye mabomba yaliyopasuka. Mtu mmoja anakunywa, mtaa mzima unaharisha. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi na kuendelea mwaka uliofuata.

Homa ya mgunda. Hii wengi waliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ilipozuka mkoani Lindi. Vimelea vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ukitembea pekupeku kwenye maji machafu na una kidonda au mpasuko mguuni, umevifungulia mlango.

Dengi. Mbu wake anauma mchana, na anapenda maji yaliyotuama kwenye matairi, makopo na vifuu. Sasa fikiria mafuriko yanaacha vitu vingapi vya namna hiyo. Dar iliwahi kupata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.

Ongeza shule iliyofungwa, madaftari yaliyolowa, mama aliyepoteza mtaji wa genge, na usiku usio na usingizi kila wingu linapotanda. Hayo nayo ni afya. Mtu anayeishi kwa hofu msimu mzima wa masika si mtu mzima kiafya, hata kama hana homa.

BUSTANI INAZUIAJE MAFURIKO?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kazi ni kujenga ukuta mrefu ili maji yasitoke. Wazo la Msimbazi ni tofauti. Mwaka 2018 wataalamu, viongozi na wakazi wa bonde walikaa pamoja katika vikao vingi, na mwaka 2019 ukatoka mpango. Mpango huo unasema hivi kwa ufupi: mto upewe nafasi.

Mto unachimbwa na kupanuliwa ili ubebe maji mengi zaidi. Udongo unaochimbwa unatumika kuinua ardhi ya pembeni, ili sehemu hizo ziweze kujengwa bila kufikiwa na maji. Daraja jipya linajengwa Jangwani badala ya lile la chini lililokuwa likimezwa na maji. Huko juu, kwenye vyanzo, ardhi inatunzwa na miti inapandwa ili mchanga usishuke. Na katikati, lile eneo la chini ambalo halifai kulala mtu, linafanywa bustani.

Umeona ujanja wake? Bustani nayo itafurika, na imepangwa hivyo makusudi. Mvua kubwa ikija, maji yataingia kwenye nyasi, kwenye njia za miguu na kwenye kiwanja cha mpira. Yatakaa pale kwa muda, kisha yatashuka baharini polepole. Kesho yake mnasubiri pakauke, mnacheza tena. Benchi likilowa, linaanikwa. Kitanda chenye mtoto mgonjwa kikilowa, huo ni msiba.

Siku zisizo na mvua, ambazo ni nyingi zaidi, bustani inafanya kazi nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa umri wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa angalau dakika 60 kila siku. Wapi? Viwanja vingi vya mitaani vimegeuka gereji, baa na maegesho. Msichana anayetaka kukimbia jioni anakimbilia wapi bila kuzomewa? Bustani yenye taa, vyoo safi na watu wa heshima ni dawa isiyohitaji cheti cha daktari.

FEDHA ZINATOKA WAPI?

Sasa tuongee hela, maana hapa ndipo vijana wengi husema "hayo ya wakubwa." Si ya wakubwa peke yao!

Mradi mzima wa kuendeleza Bonde la Msimbazi unagharimu karibu dola milioni 260. Kumbuka, hizo si za nyasi na mabenchi tu. Zimo gharama za kuchimba mto, daraja, fidia, kuhamisha karakana ya mabasi na kutunza vyanzo vya maji. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022. Uhispania na Uholanzi ziliongeza karibu milioni 60.

Jifunze maneno mawili hapa. Ruzuku ni fedha usiyorudisha, na Uholanzi imetoa ruzuku. Mkopo wenye masharti nafuu unarudishwa, ila kwa miaka mingi na kwa riba ndogo, au bila riba kabisa. Fedha za Benki ya Dunia na za Uhispania ni mkopo wa namna hiyo.

Piga hesabu pamoja nasi. Mkopo ni karibu dola milioni 230. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Gawanya. Unapata karibu dola 4 kwa kila mtu, na kichanga aliyezaliwa jana akiwemo. Ni bei ya madaftari kadhaa. Si nyingi, lakini si bure. Mtu akikuambia "tumeletewa bustani na wafadhili," mrekebishe kwa upole: tumekopeshwa, na tutalipa.

Je, inafaa kukopa kwa ajili ya jambo hili? Linganisha mwenyewe: mafuriko ya mwaka mmoja tu, 2018, yalikula zaidi ya dola milioni 100. Mafuriko mengine mawili matatu ya namna ile na fedha yote imekwenda na maji, halafu huna hata nyasi. Ila hesabu hii inakubali kwa sharti moja, kwamba kazi ifanyike kweli na itunzwe.

NA WALIOKUWA WANAISHI PALE?

Hili ni swali gumu, na hatutalikwepa. Bonde lile halikuwa tupu. Kulikuwa na familia, vioski, misikiti, makanisa, na watoto wa umri wako. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini watu hawakwenda kuishi bondeni kwa kupenda mafuriko. Walikwenda kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na mjini ni karibu, unatembea kwa miguu hadi Kariakoo.

Baada ya mafuriko ya 2011, baadhi ya familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Wapo walioanza maisha mapya huko. Wapo pia waliorudi bondeni, kwa sababu kazi ilibaki mjini na nauli ilikuwa inakula mshahara. Kiwanja bila kazi, shule na zahanati jirani hakijakuwa makazi.

Safari hii fidia imelipwa na nyumba nyingi zimebomolewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Masharti ya Benki ya Dunia nayo yanataka hata asiye na hati ya kiwanja afidiwe nyumba yake. Wapo wakazi waliolalamika kwamba walichopata hakitoshi kununua mahali pengine penye usalama. Malalamiko hayo yasichukuliwe kama kelele. Familia ikitoka bonde la Msimbazi ikaenda kupanga kwenye bonde lingine, tumehamisha mafuriko, hatujayaondoa. Afya ya bustani inapimwa pia huko walikokwenda waliompisha mto.

BAADA YA KUKATA UTEPE

Miradi mingi inakufa baada ya sherehe. Mkopo unajenga, lakini mshahara wa mfagiaji, mlinzi na fundi wa taa hautoki kwenye mkopo milele. Mpango wa Msimbazi ulifikiria kwamba ardhi iliyoinuliwa pembeni iwe na nyumba na biashara zitakazoingiza mapato. Wazo zuri. Lakini mapato yasipoelekezwa kwenye kuzoa taka na kuondoa mchanga mtoni, baada ya miaka michache mto utajaa tena, na bustani itakuwa dampo lenye maua. Madimbwi machafu yakibaki, mbu wa matende nao watafurahi kupata makazi bure.

WEWE UFANYE NINI?

Huna haja ya kungoja uwe waziri. Anza na haya:

1. Mvua ikinyesha, usicheze wala kuvuka kwenye maji ya mafuriko. Hujui kuna shimo gani chini. Ukilazimika kupita, vaa viatu, kisha oga kwa sabuni.

2. Ukipata homa baada ya kukanyaga maji hayo, nenda kituo cha afya na uwaambie kwamba uliyakanyaga. Usimeze dawa za dukani kwa kukisia.

3. Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, hasa msimu wa mvua. Nawa mikono.

4. Usitupe chupa mtaroni. Mtaro ni mdogo wake mto.

5. Chora ramani ya bonde lililo karibu na shule yenu. Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, nani amejenga njiani? Ipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mkamuulize kuna mpango gani.

6. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa mbele ya wananchi, na kusikiliza hakuna kiingilio.

JADILIANENI DARASANI

Je, ni haki kumhamisha mtu kutoka mahali pa hatari kama hataki? Apewe nini ili asirudi?

Kama mji wenu ungepata mkopo wa kutengeneza bonde la mto, mngeanza na nini: vyoo, miti, au kiwanja cha michezo? Toeni sababu.

Nani alipe mshahara wa mfagiaji wa bustani, na mtajuaje kwamba amelipwa?

Bisheni mpaka kengele ilie. Mkopo huu utalipwa kwa miaka mingi, na wengi wa watakaoulipa leo wamekaa madarasani, kama ninyi.