Je, Europa alitoka Ulaya?
Juzi nilisahihisha insha ya mwanafunzi aliyedai kwamba bara la Europa limeitwa kwa jina la malkia aliyelitawala. La hasha! Europa wa visasili vya Kigiriki alikuwa binti mfalme wa Tiro, mji ulio katika Lebanoni ya leo. Mwasia kabisa! Zeus alijigeuza fahali mweupe, akambeba mgongoni akivuka bahari hadi Krete, na huko akamzalia Minos.

Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aling'amua kasoro hii kitambo. Alisema mwanamke huyu alitoka Foinike akaenda Krete, kisha Lycia, iliyo Asia. Nchi ambayo Wagiriki wa wakati huo waliiita Europa hakuikanyaga kamwe.

Afadhali Helle. Yeye aliteleza kutoka mgongoni mwa kondoo dume wa manyoya ya dhahabu, akafa maji palepale panapoitwa Hellespont, yaani bahari ya Helle. Siku hizi ni Dardanelles.

Nasi Waswahili? Binti wa Tiro hatukumchukua hata kidogo. Ulaya yetu ina asili ya Kiarabu, wilaya. Ndiyo ile ile tuliyokuwa nayo hapa Kenya kabla ya kaunti.