Kadi Iliyodhaniwa Kuwa Imekufa

Tangu muhula huu uanze wenzangu wengi wamekuwa wakinisimamisha njiani, kati ya bweni na bwalo, wakitaka niwaeleze jinsi kompyuta ya kukunja ya maabara ilivyopata kuungana tena na intaneti, hali kila mtu alikwisha kusikia ya kwamba kadi yake imekufa. Nimechoka kusimulia kwa mdomo. Basi nimeomba nafasi katika gazeti letu niandike mara moja, wapate kusoma hata wazazi wetu, ambao fedha zao zilikuwa karibu kutumika bure kwa sababu yangu.

Kompyuta ile ni ya zamani, nayo ndiyo peke yake tuliyo nayo ya kupokelea mitihani ya miaka iliyopita kwa ajili ya ndugu zetu wa Kidato cha Nne. Betri yake haina nguvu tena. Siku moja umeme ulikatika ghafula ikiwa kazini, na tangu siku ile ikawa haimalizi kuwaka. Mwalimu wetu wa Fizikia, akijua ya kuwa napenda kazi hizi, akanikabidhi flashi yenye mfumo uitwao Debian 12, akaniambia niuweke upya. Mfumo wa zamani nao ulikuwa Debian, wa toleo la nyuma, kwa hiyo sikuona hatari yo yote. Nikafuta diski nzima, nikauweka mpya. Kioo kikafanya kazi, sauti ikasikika, kibodi ikatii. Lakini mahali pa kuchagua waifai palikuwa patupu kabisa.

Kadi yenyewe ni kibamba kidogo, upana na urefu wake kama kisanduku cha kiberiti, kimechomekwa katika upenyo chini ya kompyuta, kikashikwa kwa skrubu na kuungwa na nyaya mbili nyembamba za antena. Mwalimu aliipeleka kompyuta kwa fundi mjini Korogwe. Fundi akaiwasha, akatazama kwa dakika chache, akasema, “Mwalimu, kadi imekufa, nunueni nyingine.” Fedha zilizokuwapo ni zile zilizotengwa kununulia spiriti na vioo vya maabara. Niliposikia hayo nilikosa hamu ya ugali. Nikamwendea mwalimu, nikamwomba anipe siku tatu kabla ya kununua kitu. Akakubali, ila akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Sasa nieleze nilivyotafuta. Kila kadi ya namna hii huchukua namba mbili, moja ya kiwanda na moja ya aina yake, kama vile kila mmoja wetu alivyo na namba katika daftari la shule. Ukiandika lspci -nn katika dirisha la amri, kompyuta huita majina ya vyote vilivyochomekwa ndani yake. Nikasoma mstari kwa mstari, na huko chini nikaona 14e4:4311. Namba 14e4 ni ya kiwanda cha Broadcom, na 4311 ndiyo aina ya kadi. Nikafurahi sana, kwani maiti haitiki ikiitwa. Kadi iliyotaja namba yake inapata umeme na imekaa vizuri katika upenyo wake. Kama mstari ule usingaliandikwa, ndipo ingalifaa kuzima kompyuta, kutoa betri, kufungua kifuniko na kuichomoa kadi ili kuisafisha.

Kisha nikaandika rfkill list, nisije nikahangaika bure kumbe swichi ya ubavuni imefungwa. Ilikuwa wazi. Nikatafuta draiva, yaani programu inayojua kusema na kadi. Kwa kadi hii draiva huitwa b43, nayo imo ndani ya Linux yenyewe. Amri ya lsmod ikanionyesha ya kwamba imekwisha kupakiwa. Basi kadi ipo, draiva ipo, na waifai haipo! Jioni ile nililala na mawazo.

Kesho yake nikaandika sudo dmesg, nikasoma habari zote ambazo kompyuta hujiandikia inapowaka. Ni ndefu nazo zachosha macho, lakini katikati palikuwa na malalamiko ya b43: faili lililoanza kwa b43/ucode na kumalizikia kwa .fw halikuonekana. Hapo ndipo nilipoelewa.

Kadi hii ina ubongo wake mdogo, lakini ubongo huo hausahau kusahau: umeme ukizimwa, haukumbuki tena jambo lo lote. Kila kompyuta inapowaka, draiva lazima ichukue maagizo yaitwayo fimuwea kutoka katika diski, folda ya /lib/firmware/b43, na kuyamimina ndani ya kadi. Mtu aliyeitengeneza kompyuta ile zamani alikwisha kuyaweka humo. Nami, katika kufuta diski nzima, nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, huja na fimuwea za kadi nyingi, lakini si hizi, kwa kuwa mwenye mali hakutoa ruhusa ya kuzigawa. Badala yake kipo kifurushi kiitwacho firmware-b43-installer, ambacho huenda kwenye intaneti, huchukua draiva ya kiwanda, kisha hukata humo vipande vinavyotakiwa. Yaani yataka intaneti ili upate intaneti. Na kisanduku cha intaneti cha ofisini hakina tundu la waya.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Sisi wanafunzi hatuna ruhusa ya simu, lakini yeye alitoa yake, akaiunga na kompyuta kwa waya wa USB, akafungua sehemu ya kushiriki intaneti. Debian huiona simu kama mtandao wa waya, haidai kitu kingine. Nikaongeza neno contrib katika faili la /etc/apt/sources.list, nikaandika sudo apt update, kisha sudo apt install firmware-b43-installer. Ilipokwisha nikaiondoa draiva kwa sudo modprobe -r b43 na kuirudisha kwa sudo modprobe b43. Mara taa ndogo ya ubavuni ikawaka, na jina la mtandao wa ofisi likatokea. Mwalimu akacheka, akachomoa simu yake upesi kabla bando halijaisha.

Spiriti imenunuliwa. Folda ile ya b43 nimeinakili katika flashi mbili: moja anayo mwalimu, na ya pili imo katika kabati la maabara, rafu ya juu, nyuma ya mizani.